Kama mashindano si ya nchi, bendera na wimbo wa taifa viwanjani vya nini?

#1 Kitambaa Cheusi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kanuni ya 6 ya Mkataba wa Olimpiki inasema mashindano ni baina ya wanamichezo, wawe mmoja mmoja au timu, si baina ya nchi. Kanuni ya 50 inapiga marufuku maandamano na propaganda za kisiasa, kidini au za rangi kwenye maeneo yote ya Michezo. Vizuri. Lakini mtu akishavishwa dhahabu, kinachopanda ni bendera ya nchi na kinachopigwa ni wimbo wa taifa. Siku ya ufunguzi timu zinaingia nyuma ya bendera, na marais wako jukwaa kuu wanapunga mikono.

Dai langu: hilo lenyewe ndilo tendo kubwa la kisiasa kuliko yote yanayofanyika pale, ila limezoeleka mpaka halionekani. Mwanamichezo akisimama wima, mkono kifuani, tunamwita mzalendo. Akiinamisha kichwa, kaleta siasa. Huo mstari kauchora nani?

Leteni hoja. Ushabiki wa Simba na Yanga una jukwaa lake.

#2 Mzee wa Mlingoti

Umeruka kipengele. Kisheria bendera inayopanda pale si ya serikali, ni ya kamati ya Olimpiki ya nchi husika. Mkataba unataka bendera, nembo na wimbo utakaotumika vipitishwe na bodi tendaji ya IOC, yaani Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Kamati nyingi hupeleka bendera ileile ya taifa, ndiyo maana hatuoni tofauti.

Angalia Taiwan. Kwa makubaliano ya Lausanne ya 1981 wanaingia kwa jina la Chinese Taipei, bendera nyeupe yenye ua na pete za Olimpiki, na wakishinda hupigwa wimbo wao wa bendera, si wimbo wao wa taifa. Kwa hiyo ni kitambulisho tu, kama namba mgongoni. Tusikikuze.

#3 Nje ya Kumi na Nane

@Mzee wa Mlingoti hapo umejifunga mwenyewe, tena kwa kichwa. Namba mgongoni haijawahi kuhitaji mkataba wa Lausanne. Kama ni kitambulisho tu, Beijing ingejali nini kuhusu ua?

#4 Jamaa wa Kapsabet

Wacha niwape kesi inayotuhusu moja kwa moja huku Kenya. Munich, 7 Septemba 1972, fainali ya mita 400. Vincent Matthews wa kwanza kwa 44.66, Wayne Collett wa pili, wote Wamarekani. Wa tatu Julius Sang wa Kenya, 44.92. Wimbo wa Marekani ulipopigwa, wale wawili hawakuinua bango wala kusema neno kwa umma. Walisimama kilegevu, mikono kiunoni, wanaongea wao kwa wao, hawaitazami bendera. IOC ikawafungia Olimpiki zote.

Sasa hesabu. John Smith alikuwa ameumia, hawa wawili wamefungiwa, Marekani ikakosa watu wanne wa kupanga kwenye 4x400. Haikuingia kabisa. Kenya ikaweka Asati, Nyamau, Ouko na Sang, ikachukua dhahabu kwa 2:59.8. Adhabu ya wale ndugu ilifutwa Desemba 2022, Collett akiwa ameshafariki tangu 2010.

Kwa hiyo mleta mada, mkao tu wa mtu wakati wa wimbo ulibadilisha orodha ya mbio.

#5 Chaurembo

Kama wale wa 1968 Mexico, Smith na Carlos, walionyang'anywa medali kwa kuinua ngumi.

#6 Kumbukumbu za Uwanja

Hawakunyang'anywa, mkuu. Hii imerudiwa sana hadi imekuwa kama kweli. Tommie Smith na John Carlos walitolewa kwenye timu na kuondolewa kijijini, baada ya IOC kuitishia Marekani kwamba timu nzima itakwenda na maji. Medali walibaki nazo. Yule mzungu aliyeshika nafasi ya pili, Peter Norman wa Australia, naye alivaa beji ya kampeni yao ya haki za binadamu, watu humsahau.

Aliyekuwa rais wa IOC mwaka huo, na pia 1972, ni Avery Brundage. Brundage huyohuyo aliongoza kamati ya Olimpiki ya Marekani mwaka 1936 Berlin. Kule saluti ya Kinazi ilipigwa juu ya jukwaa la washindi mchana kweupe na hakuna aliyefungiwa, kwa kuwa ilihesabiwa ni saluti ya taifa. Hilo ndilo jibu langu kwa swali la mstari kauchora nani.

Na Berlin hiyohiyo, mshindi wa marathoni alikuwa Mkorea, Sohn Kee-chung, aliyelazimika kukimbia kwa jina la Kijapani na jezi ya Japani kwa sababu Korea ilikuwa koloni. Bendera ya Japani ikapanda. Yeye akainamisha kichwa, mche aliopewa akauweka kifuani ukafunika nembo. Gazeti la Dong-a Ilbo la Seoul lilichapisha picha yake likiwa limefuta ile bendera kifuani. Waandishi wakakamatwa, gazeti likafungiwa. Waambieni polisi waliowakamata kwamba bendera ni namba mgongoni.

#7 Fundi Spika

Mjadala unaelea juu juu, ngoja niushushe kwenye kazi yenyewe.

Faili la wimbo halitafutwi mtandaoni asubuhi ya fainali. Kwenye Olimpiki kila kamati hupelekewa mchoro wa bendera yake wenye namba za rangi, pamoja na rekodi ya wimbo. Inakagua, inatia saini, inarudisha. Bendera karibu zote hushonwa kwa uwiano mmoja hata kama sheria ya nchi inataka vingine. London 2012 walitumia 3:5. Wimbo unakatwa uingie kati ya sekunde 60 na 90. Kwa London, okestra ya London Philharmonic ilirekodi nyimbo 205, mpangilio wa Philip Sheppard. Wa Uruguay una dakika kadhaa, ukapunguzwa. Wa Uganda ni mfupi mno, ikabidi urefushwe. Na kazi haikupotea: Stephen Kiprotich alishinda marathoni 12 Agosti, siku ya mwisho, medali akavishwa kwenye sherehe za kufunga, wimbo wa Uganda ukasikika uwanja ukiwa umejaa.

Mambo huharibika hivi. Mafaili huitwa kwa herufi tatu: NIG ni Niger, NGR ni Nigeria, SLO Slovenia, SVK Slovakia, CGO ni Kongo ya Brazzaville, COD ya Kinshasa, SUD Sudan, SSD Sudan Kusini. Opereta ana haraka, taa hafifu, matokeo yamebadilika baada ya rufaa, anabofya jirani. Bendera nazo kwenye sherehe za medali hazipandi kwa kamba ya pembeni, zinaning'inia kwenye bomba la mlalo, kwa hiyo vishikizo viko ukingo wa juu. Mtu akivishona ukingo wa chini, bendera inapanda kichwa chini na hakuna wa kuishusha katikati ya wimbo. Kwa bendera yetu ya Tanzania angalia hivi: kijani kiwe juu upande wa mlingoti, mkanda mweusi upande kuelekea pembe ya juu ya mbali. Ukiona bluu iko juu, shusha kabla watu hawajakaa.

Masumbwi na judo kuna shaba mbili, hivyo bendera nne. Mshindi katikati na juu zaidi, wa pili kushoto kwa mtazamaji.

Kinga: kabla ya sherehe mtu wa msafara avae hedfoni, asikilize sekunde 10 za mwanzo, aitazame bendera ikiwa tayari imefungwa kwenye bomba, asaini. Ukiruka hatua hiyo usilaumu umeme.

#8 Nje ya Kumi na Nane

Fundi Spika kaingia, sasa uzi una adabu.

Hoja ya Mzee wa Mlingoti ingekuwa kweli, makosa ya bendera yangekuwa sawa na kukosea namba ya jezi. Lakini Glasgow 2012, Hampden Park, skrini ilipowaonyesha wachezaji wa kike wa Korea Kaskazini kando ya bendera ya Korea Kusini, timu ilitoka uwanjani. Mechi na Colombia ikachelewa kama saa nzima. Paris 2019, Stade de France, Albania walipigiwa wimbo wa Andorra, wakagoma kuanza mpaka wapigiwe wa kwao, halafu mtangazaji akaomba radhi kwa Armenia. Na Paris 2024, kikapu kule Lille, Sudan Kusini wakapigiwa wimbo wa Sudan. Nchi iliyopigana miongo mingi ili itoke Khartoum, inapigiwa wa Khartoum! Wachezaji walibaki wameduwaa, mashabiki wakazomea, ukakatwa, ukapigwa wa kwao.

#9 Mama Nyota

Kwa Sudan Kusini kuna cha nyuma zaidi. London 2012 nchi ilikuwa na mwaka mmoja, haina kamati ya Olimpiki (ilitambuliwa 2015). Mkimbiaji wa marathoni Guor Marial aliambiwa anaweza kuiwakilisha Sudan, akakataa, akakimbia chini ya bendera ya Olimpiki. Miaka minne baadaye Rio ikaja timu ya wakimbizi ya watu 10, watano wao Wasudani Kusini kutoka Kakuma, mkuu wa msafara Tegla Loroupe, na mshika bendera Rose Nathike Lokonyen. Walikuwemo Wakongo wawili wa judo pia, Popole Misenga na Yolande Mabika. Bendera ya pete tano ilikuwa kimbilio la wasio na bendera. Sioni kama ni siasa chafu hiyo.

#10 Kitambaa Cheusi

Mama Nyota, asante. Sijasema chafu, nimesema siasa.

#11 Kipenga Baridi

Wote mnazungumzia uwepo wa bendera. Kuiondoa je? Moscow 1980 serikali ya Uingereza ilitaka timu isusie, kamati yao ikagoma, wakaenda. Suluhu ikawa bendera ya Olimpiki. Sebastian Coe anashinda 1500, Steve Ovett 800, Daley Thompson dekathloni, na kila mara unapigwa wimbo wa Olimpiki. Bendera ya Uingereza haikupanda hata siku moja.

Yetu ilipanda mara mbili, kwa fedha: Filbert Bayi kwenye kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui mita 5000. Ndizo medali pekee za Olimpiki za Tanzania hadi leo. Kenya mwaka huo walisusa. Mwaka 1976 Montreal tulisusa sote, kwa ajili ya raga ya New Zealand kule kwa makaburu, na dunia ikakosa pambano la Bayi na John Walker wa New Zealand. Serikali iliyoamua bendera isiende ndiyo ileile iliyoamua iende. Hapo kamati ilikuwa na kauli gani, Mzee wa Mlingoti?

#12 Mzee wa Mlingoti

Kauli ya kamati inategemea nani analipa nauli. Lakini nchini Uingereza kamati ilikataa amri ya serikali, mfano wako huohuo. Kwa hiyo inawezekana.

#13 Mzalendo Nusu

Swali la kizushi. Taifa Stars na Zambia wakikutana, tuni inapigwa mara mbili. AFCON, San-Pédro, 21 Januari 2024, sare ya 1-1. Opereta akikosea hapo nani atajua?

#14 Kumbukumbu za Uwanja

Hakuna atakayejua mpaka watu waanze kuimba, hahaa. Ni tuni ya Enoch Sontonga ya 1897, Nkosi Sikelel' iAfrika, Zimbabwe nayo iliitumia hadi 1994. Uingereza na Liechtenstein wana kesi hiyohiyo, na Finland na Estonia.

Ila tuni hiyo ilikuwa silaha kabla ya kuwa itifaki. Ellis Park, Johannesburg, 15 Agosti 1992, raga, Afrika Kusini na New Zealand, mechi ya kurudi kutoka kifungoni. ANC ilikubali mechi ichezwe kwa sharti wimbo wa makaburu, Die Stem, usipigwe, na wakati wake kuwe na ukimya kwa waliouawa kwenye machafuko. Mashabiki wakauimba ndani ya ule ukimya, kisha mkuu wa raga wa pale, Louis Luyt, akaruhusu upigwe spika zote. Ziara nusura ivunjike. Miaka mitatu baadaye, fainali ya Kombe la Dunia 24 Juni 1995, zilipigwa nyimbo zote mbili, Die Stem na Nkosi Sikelel' iAfrika. Uliounganishwa ukaja 1997. Mkumbuke mwaka huohuo wa 1992 kule Barcelona timu ya Olimpiki ya Afrika Kusini haikutumia bendera ya zamani wala Die Stem.

#15 Binti Chukwani

Mmezunguka dunia nzima, mmeruka bahari ya Unguja. Zanzibar ina bendera yake, imepandishwa tangu Januari 2005, ina wimbo wake, ni mwanachama wa CAF, lakini ikifika FIFA, hakuna.

#16 Kipenga Baridi

Dada, CAF tulitolewa. Uanachama ulipitishwa Machi 2017 Addis Ababa, wa 55, ukafutwa Julai mwaka huohuo kwa maelezo kwamba haiwezekani vyama viwili kutoka nchi moja. Kilichobaki ni CECAFA ya Afrika Mashariki na Kati, ambako Bara wanaingia kama Kilimanjaro Stars na Visiwani kama Zanzibar Heroes. Na Desemba ya mwaka huohuo Heroes waliwapiga Bara 2-1 Kenya, wakafika fainali, wakafungwa na wenyeji kwa penalti Machakos baada ya 2-2.

#17 Binti Chukwani

Sawa, CAF imekwenda. Hoja inabaki. Wales, Scotland na Ireland Kaskazini hazina kiti Umoja wa Mataifa lakini zina FIFA. Visiwa vya Faroe viko chini ya Denmark, vimo tangu 1988. Gibraltar imeingia 2016. Mzanzibari mwenzetu Fei Toto akifunga, bendera inayopeperushwa ni ya Muungano. Hakuna anayekataa Muungano hapa, nauliza tu kipimo ni kipi.

#18 Mzee wa Mlingoti

Kipimo ni tarehe. Vyama vya Waingereza vilikuwepo kabla FIFA haijazaliwa, vikaingia na masharti yao. Faroe waliingia wakati mlango ulikuwa wazi zaidi. Siku hizi katiba ya FIFA inataka nchi huru inayotambuliwa kimataifa. Gibraltar walipita kwa kesi CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo, kwa kuwa maombi yao yalianza kabla kanuni haijabanwa. Zanzibar ikitaka njia hiyo lazima ionyeshe kitu cha namna hiyo.

#19 Nje ya Kumi na Nane

Yaani mchezo unaamua nani ni nchi kwa kuangalia nani aliwahi foleni. Na bado si siasa.

#20 Mwana Kivu

Jambo kwenu wote kutoka huku kwetu. Hamjagusa ya Abidjan. Tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali ya AFCON, Kongo na Côte d'Ivoire. Wimbo wetu unapigwa, wachezaji wote wakaweka mkono mmoja mdomoni na vidole viwili vya mkono mwingine kwenye panja la kichwa, kama bastola. Kocha Desabre naye. Maana ilieleweka bila mkalimani: watu wanauawa mashariki na dunia imeziba mdomo.

Mimi naona kinyume na mleta mada. Wimbo haukuwa siasa ya serikali pale. Ulikuwa dakika moja na nusu pekee ambayo kamera zote haziwezi kuondoka kwenye nyuso zao. Wangefanya baada ya bao, mkurugenzi wa matangazo angekata aonyeshe marudio.

#21 Fundi Spika

@Mwana Kivu umesema jambo la kiufundi ambalo wengi hawalijui. Wakati wa wimbo kamera inapita mstari mmoja, mchezaji wa kwanza hadi wa mwisho, haina pa kukimbilia. Iran walijua hilo: 21 Novemba 2022 Qatar, mechi na England, walikaa kimya wimbo mzima. Mechi ya pili na Wales wakaimba, midomo ikijongea kwa shida.

#22 Chaurembo

Mbona Xhaka na Shaqiri wa Uswisi walipigwa faini kwa ishara ya mikono ya tai wa Albania 2018, na hawa Wakongo hatukusikia faini?

#23 Kipenga Baridi

Kanuni ni tofauti, watu huzichanganya. Sheria ya 4 ya mchezo inahusu vifaa: jezi, fulana ya ndani, kitambaa cha mkono. Hapo maneno, kauli au picha za kisiasa, kidini na binafsi ni marufuku. Ishara ya mkono haiguswi na Sheria ya 4, inakwenda kwenye kanuni za nidhamu. Xhaka na Shaqiri walitozwa faranga 10,000 kila mmoja, Lichtsteiner 5,000, na kosa liliandikwa mwenendo usio wa kimichezo, wala si siasa. Walifanya baada ya mabao, mbele ya mashabiki wa Serbia, ikahesabiwa uchokozi. Ukigeukia upande wako mwenyewe, kama Wakongo, ni vigumu kumpata aliyechokozwa.

Kwenye vifaa nako kuna kona. Novemba 2016 England na Scotland walivaa ua jekundu la kumbukumbu ya wanajeshi, FIFA ikawapiga faini. Mwaka uliofuata ikaruhusiwa iwapo timu zote mbili na mwandaaji wamekubali. Kwa hiyo siasa wakikubaliana wawili inakuwa kumbukumbu.

#24 Mama Nyota

Na mashabiki? Celtic, Agosti 2016, mechi na Hapoel Be'er Sheva, jukwaa lilijaa bendera za Palestina. UEFA ikawatoza kama euro 10,000. Mashabiki wakaijibu faini ile kwa kuchangisha misaada ya Palestina, zikapatikana zaidi ya pauni 100,000. Adhabu ikawa tangazo.

#25 Kumbukumbu za Uwanja

Belgrade Oktoba 2014 ndiyo kubwa kuliko. Serbia na Albania, drone ikashuka uwanjani na kitambaa chenye ramani ya Albania Kubwa, Stefan Mitrović akaivuta, ugomvi ukaanza, mechi haikuisha. UEFA kwanza iliipa Serbia 3-0 na papo hapo ikaikata pointi tatu. CAS 2015 ikageuza, ushindi ukaenda Albania, kwa kuwa usalama wa wachezaji ulikuwa jukumu la mwenyeji.

#26 Mzalendo Nusu

Wenye Simba wanakumbuka Berkane ya Morocco kwa fainali ya Kombe la Shirikisho 2025, kule 2-0, Amaan 1-1. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2024, jezi za Berkane zilizuiwa na forodha uwanja wa ndege wa Algiers kwa sababu ya ramani ya Morocco kifuani, Sahara Magharibi ikiwa ndani. Nusu fainali na USM Alger haikuchezwa, si kwanza si marudiano. Berkane wakaingia fainali wakiwa wamekaa. CAF ilikuwa imeipitisha ile jezi. Ramani ikipitishwa ni muundo wa jezi, nadhani.

#27 Nje ya Kumi na Nane

Simba tena. Mleta mada alionya.

#28 Kilindini Mjini

Jameni, mnatafuta siasa mnaiacha pesa. Marekani ndiko wimbo hupigwa kabla ya kila mechi ya ligi, hata timu zote zikiwa za mtaa mmoja. Desturi ilishika kwenye besiboli mwaka 1918, vita ikiendelea, kabla wimbo wenyewe haujawa rasmi 1931. Mwaka 2015 maseneta McCain na Flake walitoa ripoti: wizara ya ulinzi ilikuwa ikilipa timu kwa maonyesho ya uzalendo, bendera kubwa uwanja mzima, wanajeshi kukaribishwa, dola milioni 6.8 tangu 2012. Mwaka uliofuata Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, akapiga goti wakati wa wimbo na akaambiwa analeta siasa kwenye mpira.

Na huku kwetu bendera ni ajira. Ruth Jebet aliipa Bahrain dhahabu ya Olimpiki, Rio 2016, Winfred Yavi akarudia Paris 2024, wote wazaliwa wa Kenya. Shirikisho la riadha lilisimamisha uhamisho 2017, likaufungua 2018 kwa masharti: kusubiri miaka mitatu, na asiye na miaka 20 haruhusiwi kabisa. Waandishi wa kanuni hawakuuliza moyo wa mtu uko wapi, waliuliza tarehe.

#29 Mzee wa Mlingoti

@Kilindini Mjini ndicho ninachosema tangu #2! Kitambulisho, chenye masharti ya usajili. Asante.

#30 Kumbukumbu za Uwanja

Basi nieleze Warusi. Paris 2024 walikuja 15 na Wabelarusi 17, bendera ya kijani-bluu, muziki usio na maneno, hakuna timu, hakuna askari wala aliyeunga mkono vita ya Ukraine. Tokyo 2020 walipigiwa Tchaikovsky. PyeongChang 2018 timu ya hoki ya barafu ilishinda dhahabu, spika zikapiga wimbo wa Olimpiki, wachezaji wakauimba wa Urusi juu yake. Kitambulisho unakinyang'anya kama adhabu, na mtu anakiimba kwa ukaidi? Leseni ya udereva hakuna anayeiimba.

#31 Kitambaa Cheusi

Hapo nimecheka. Tulipofika: Mlingoti anasema usajili, Mwana Kivu anasema kipaza sauti cha wanyonge, Kilindini anasema pesa, Kipenga anasema inategemea kifungu. Mimi bado nipo #1. Kanuni ya 50 ililegezwa 2021, mtu anaweza kutoa hisia uwanjani kabla ya mchezo kuanza, lakini jukwaa la washindi limebaki marufuku. Kwa nini pale tu?

#32 Kipenga Baridi

Kwa kuwa pale kuna bendera ya mtu mwingine. Tokyo, Raven Saunders wa Marekani, fedha ya tufe, alisubiri wimbo wa China umalizike ndipo akapishanisha mikono juu ya kichwa. Kamati ya Marekani ilimtetea kwa hoja hiyohiyo: hakuvuruga wimbo wa mwenzake. Uchunguzi ulisitishwa baada ya mama yake kufariki siku chache baadaye.

#33 Mama Nyota

Hong Kong wametoa maelekezo kabisa. Novemba 2022 kule Incheon, raga ya saba saba, walipigiwa wimbo wa waandamanaji badala ya wa China. Baada ya hapo kamati yao ikaagiza misafara ibebe wimbo na bendera sahihi, na wimbo ukikosewa wachezaji waonyeshe alama ya T kwa mikono na waondoke. Mapema 2023 Sarajevo, hoki ya barafu, ilitokea tena na wakaonyesha T.

#34 Chaurembo

Wakuu, swali la kazi. Kuna bonanza la mpakani, timu ya Burundi inakuja Kigoma. Wimbo upi kwanza? Na faili la Burundi linapatikana wapi?

#35 Fundi Spika

Mgeni kwanza, mwenyeji mwisho. Faili waombe viongozi wa timu yenyewe wakutumie wiki moja kabla, la ala tupu, lisizidi sekunde 90. Usipakue video ya kwanza inayojitokeza: Kuwait, Machi 2012, mashindano ya kulenga shabaha, binti wa Kazakhstan alipigiwa wimbo wa kejeli wa filamu ya Borat akiwa juu ya jukwaa na dhahabu shingoni. Liweke kwenye flashi mbili, ulijaribu kwa spika zilezile za uwanjani, simu ya kuchezea iwe kwenye hali ya ndege meseji zisiingie katikati. Bendera mbili ziwe saizi moja na kimo kimoja. Ya Burundi kagua nyota zake tatu: moja ikae juu, mbili chini.